Umarshali Wangu wa Al Garhoud

Mwezi uliopita nilirudisha buti, kofia ya pama na mkanda wa bastola ya bandia katika stoo ya hoteli, nikasaini karatasi tatu, nikakatiwa keki ya siku ya kuzaliwa kwa sababu ndiyo iliyokuwepo jikoni. Njeri, msimamizi wetu wa ukumbi, akaniambia nisiondoke hivihivi bila kuwaandikia kitu ninyi mnaobaki, hasa mliokuja mwaka huu na mnaodhani kazi ya mgahawa ni kubeba sahani tu. Basi naandika. Ya mshahara sitayagusa, mnayajua. Ya vyeo nayo ni mafupi: mimi kadiri nilivyozidi kukaa ndivyo nilivyozidi kushuka.

Nilifika Dubai kutoka Iringa nikiwa sekyuriti. Nilipangiwa mlango wa mgahawa wa hoteli yetu hapa Al Garhoud, ambao wakati huo ulikuwa mpya na ulinukia mbao. Mnaujua ulivyo: vile vijimlango viwili vinavyopepea, matandiko ya farasi ukutani, kichwa cha nyati cha plastiki, na maranda yaliyomwagwa sakafuni ili wageni wajione wako Marekani ya zamani, kule mashambani kwa wachunga ng'ombe. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana kulikuwa na igizo la robo saa kuhusu maisha ya Marshali, askari mashuhuri wa huko ambaye bastola yake iliimbwa nchi nzima. Baadaye mapumziko ya wiki yalipohamishwa, nasi tukahamia Jumamosi pamoja na bastola zetu.

Maisha yake yalichapwa nyuma ya menyu. Mlinzi ana nafasi ya kusoma, nikayasoma mpaka nikayashika. Alikuwa mtoto wa mkulima akalitupa jembe mapema, kama wengi wetu. Akaendesha magari ya farasi, akawinda nyati, akaishi kwa karata, na mwisho miji ya ng'ombe ikamwajiri alinde amani. Wachungaji walikuwa wakiingia mjini baada ya miezi porini, wana kiu na wana silaha. Sheria ya mji ilisema silaha iachwe mlangoni, mtu aichukue akiondoka. Kwa hiyo kazi ya Marshali, kwa sehemu kubwa, ilikuwa kusimama mahali na kuwabembeleza watu waliolewa waache vitu vyao. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, kwa sababu ndiyo kazi niliyokuwa naifanya mimi, ila yangu ilikuwa ya kuzuia vyakula vya nje na paka. Menyu ilimalizia na yale mapigano yaliyompa jina, ambayo yalikwisha kabla yai halijaiva kwenye kikaango.

Aliyekuwa akiigiza Marshali alipata kazi melini akaondoka siku ya Alhamisi bila kuaga. Ijumaa asubuhi meneja wetu, ambaye sote tulimwita Sir, alipita mlangoni akanipima kwa macho kuanzia kofia hadi viatu. Akaniuliza kama ninajua Kiingereza. Nikasema, "Yes, Sir." Nikawa Marshali.

Njeri alinifanyisha mazoezi adhuhuri ile, yeye akisimama mahali pa jambazi, kwa sababu jambazi mwenyewe alikuwa amekwenda kuswali Ijumaa. Mambo yalikuwa mepesi: naingia kwa vile vijimlango, natembea hatua saba, namwamuru jambazi aiweke bastola chini, anakataa, tunafyatua, anaanguka. Nikabandikwa masharubu, nikabandikwa nyota ya bati kifuani. Sikuuliza jambazi ni nani. Hilo ndilo kosa langu la kwanza kazini, na limenilisha miaka mingi.

Saa nane na nusu naingia. Ukumbi umejaa. Natembea hatua zangu saba, nainua uso, na mbele yangu pamesimama mzee wa watu mwenye ndevu nyeupe, ametoka msikitini si muda mrefu, bado ananukia udi. Mkono wangu badala ya kwenda kwenye bastola ukaenda kwenye kofia. Nikaivua.

"Shikamoo, mzee."

Naye, ambaye kumbe hakuambiwa kwamba Marshali mpya ni Mtanzania, akasahau ujambazi.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watu wa nyumbani?"

"Hawajambo, mzee. Tunamshukuru Mungu."

"Alhamdulillah. Haya, endelea."

Nikamwua.

Meza moja ya familia ya Kizanzibari iliyokaa Dubai tangu zamani ilipasuka kwa kicheko. Bibi yao alipiga meza kwa kiganja mpaka vijiko vikaruka. Wageni wengine hawakujua kinachochekwa, lakini kicheko hakingoji mkalimani, nao wakacheka. Njeri alinivutia nyuma ya kaunta.

"Festo, kwani umekuja kuona fathe wako ama ni nini? Huyo ni gangster, bana! Unamshoot, humsalimii!"

"Ni mtu mzima, Njeri."

"Ni mtu mzima gangster!"

Nilijua nitarudishwa mlangoni. Lakini Ijumaa iliyofuata ile familia ilikuja tena na jamaa zao wa Al Muraqqabat, wakauliza kama yule askari mwenye adabu bado yupo. Sir alihesabu viti vilivyojaa, akaamua kwamba pengine Marekani nako walikuwa wakisalimiana. Salamu ikabaki.

Huyo jambazi alikuwa Mzee Haroub. Mchana alifanya kazi stoo ya hoteli, na mara moja kwa wiki aliuawa. Aliletwa Dubai kijana kutoka Unguja na mjomba wake, akaoa hapa, akazaa hapa. Alikaa Al Baraha na mkewe, Bi Zuwena, katika fleti ya zamani yenye lifti inayofikiri kwanza kabla ya kupanda. Ndiye aliyenifundisha kazi. Mengi mnayonisikia nikiwasisitizia ni yake, mimi nimeyapokea tu.

Alinifundisha kwamba gundi ya masharubu haivumilii Agosti. Ukitembea nayo kutoka geti la wafanyakazi, ukifika ukumbini masharubu yako shingoni. Yahifadhiwe kwenye friji ya jikoni, ndani ya kopo lenye jina lako, na jina liwe kubwa; mpishi mmoja mgeni alifungua kopo langu akitafuta siagi, na yowe alilopiga lilisikika mapokezi. Alinifundisha kunyunyiza poda ndani ya buti. Alinifundisha kukagua fataki za bastola moja moja kabla ya kusaini daftari la kabati la sekyuriti, maana fataki iliyoingia unyevu hufanya "pfu," na hakuna jambazi anayekufa kwa "pfu."

Kufa kwenyewe alikuwa na elimu nako. "Usianguke kama gunia, yakhe," aliniambia, ingawa wakati huo kufa hakukuwa kazi yangu. "Tizama kwanza meza isiyo na supu. Kisha goti, kisha nyonga, kisha bega. Kichwa kije mwisho, tena polepole, kichwa hakina spea. Kofia ikufunike uso, watu wasikuone unavyohema." Alikuwa akifa vizuri sana. Nimewaona waigizaji wa kulipwa wakifa vibaya kuliko yeye.

Kazi ngumu zilikuwepo. Mgeni mmoja, ameshiba na zaidi ya kushiba, alisimama katikati ya igizo na kisu cha siagi akisema anamsaidia jambazi. Nilikumbuka yale ya menyu. Sikumgusa. Nikamsalimia, nikamwuliza jina, nikamwambia, kwa sauti ya Marshali, kwamba mji huu silaha huachwa mlangoni na kwamba ninahitaji mtu mwaminifu wa kunishikia kofia. Akanipa kisu, akaishika kofia kwa mikono miwili mpaka mwisho, ametulia tuli. Ninyi vijana mgeni akiwasumbua mnakimbilia kumwita Njeri. Mpeni kwanza kazi ya kufanya.

Siku za kawaida niliishi Al Muraqqabat, watu sita chumba kimoja, na hata pale niliitwa Marshali. Kinyozi aliniita Marshali. Mwenye duka la simu alinipigia saluti. Nawaambia ukweli, nilikipenda kile kijinyota cha bati kuliko nilivyopaswa. Nilikuwa nakisugua kwa majivu na ndimu kila Alhamisi, na nikipita kwenye kioo cha lifti nilikuwa najitazama. Sijawahi kuwa mtu wa kutazamwa kabla ya hapo.

Hivyo tulikwenda miaka tisa. Kisha stoo ikakabidhiwa kampuni nyingine yenye watu wake, na Mzee Haroub akabaki na igizo peke yake. Kwa maneno mengine, kilichokuwa kikimweka Dubai kihalali ni ujambazi. Kafeel wake, yaani mdhamini wa ukaazi wake, ni hoteli. Hoteli ikisema khalas, yamekwisha, ukaazi wake unakwisha, wa Bi Zuwena unakwisha, na ile fleti ya Al Baraha inafungwa. Unguja hakuwa amebakiwa na mtu wa kumfungulia mlango.

Ndipo makao makuu ya migahawa hii yakatuma mtu. Aliitwa Madam Darlene, mwanamke wa Kimarekani mwenye nywele za mvi na daftari, na kazi yake ilikuwa kuzunguka migahawa yote akikagua kama maigizo yanafanana na historia. Sir alituita ofisini, mimi na Mzee.

"Madam akiridhika, mikataba yenu inaendelea," alisema. "Asiporidhika, igizo tunafunga. Festo utarudi mlangoni. Mzee..." Alipanga kalamu zake. "Na tafadhali, Jumamosi hii msome kilichoandikwa. Hakuna zile salamu zenu. Huyu mama amesoma maisha ya Marshali tangu akiwa msichana."

Nje ya ofisi Mzee alinishika bega. "Inshallah itakwenda. Wewe piga tu. Mie ntaanguka."

Jumamosi Madam Darlene alikaa meza ya sita, daftari mbele yake. Ile familia yetu ya Kizanzibari ilikuwepo vilevile, na bibi yao. Nikaingia. Hatua saba. Mzee amesimama. Nikafunga mdomo wangu kwa nguvu, nikamwamuru aweke silaha chini, akakataa, nikachomoa, nikafyatua.

Mzee Haroub hakuanguka.

Nikadhani hakusikia. Nikafyatua tena. Alikuwa ananitazama, kichwa amekiinamisha kidogo, anangoja. Baadaye aliniapia kwamba hakufanya makusudi. Mwili wake ulikuwa umezoea kufa baada ya marahaba, na bila marahaba haukujua pa kuanzia. Nikapiga ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita. Fataki zikaisha. Moshi ukatanda. Mtu aliyepigwa risasi sita kifuani akajikuna ndevu.

Jasho lilinitiririka mpaka upande mmoja wa masharubu ukaachia. Nilimwona Madam ameinua kalamu. Niliiona fleti ya Al Baraha ikifungwa kwa ajili ya uzembe wetu. Hapo bibi wa ile familia akashindwa kuvumilia, akasimama na bakora yake.

"Muamkie mzee wa watu, we! Huna wazazi?"

Nikavua kofia. Ningefanya nini?

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," akasema Mzee Haroub kwa faraja kubwa, na akaanguka: goti, nyonga, bega, na kichwa mwisho, mbali na supu.

Watu walishangilia kwa kupiga miguu. Madam Darlene hakucheka. Alikuwa anaandika.

Alituita siku ya pili yake mchana. Sir alikaa pembeni anajifuta shingo. Madam alinipa mkono kwanza mimi, akasema kwamba watu weusi kule kwa wachunga ng'ombe walikuwa wengi kuliko senema zinavyokubali, na maaskari wakiwemo, na kwamba nisiruhusu mgeni yeyote aniambie siwezi kuwa Marshali. Kwa neno hilo peke yake ningemtumikia bure.

"Salamu ibaki," alisema. "Marshali wa kweli alimaliza ugomvi mwingi zaidi kwa mdomo kuliko kwa bastola. Tatizo langu ni mwisho wenu."

Akatueleza ambacho menyu haikusema. Mapigano yale yalimkuta Marshali bado kijana. Baadaye alishtakiwa, akahama miji, akafungua vilabu, akatafuta dhahabu asiipate. Aliishi mpaka kwenye zama za magari, mzee wa masharubu meupe, akiwasimulia watu maisha yake na nusu yao hawamwamini. Na akafia kitandani kwake, mkewe pembeni.

"Nataka mwisho huo," Madam alisema. "Marshali mzee asimame aseme. Nitaleta mwigizaji mtu mzima kutoka nje awe Marshali. Nafasi ni mbili tu, yeye na jambazi. Festo atakuwa jambazi, kwa sababu Mzee, samahani, kwa umri wako siwezi kukuacha uanguke sakafuni kila wiki. Bima haikubali."

Mzee Haroub aliinamisha kichwa. Aliitazama mikono yake.

Sikufikiri. Ningefikiri nisingefanya, kwa sababu nimeshawaambia nilivyokipenda kile kitu. Niliifungua pini kifuani, nikaiweka nyota juu ya meza mbele yake.

"Madam," nikasema, "kwa nini ulete mzee kutoka nje? Mzee si huyu? Marshali ni huyu. Kiingereza chake kinashinda changu."

Madam alimtazama Mzee kwa muda mrefu, ndevu, mikunjo, mgongo ulionyooka.

"Na wewe utakubali kuuawa?"

"Kila Jumamosi, Madam."

Aliandika kitu, akafunga daftari. Sir akasema, "Khalas," na safari hii lilikuwa neno zuri.

Tulipotoka kwenye korido Mzee aliikamata kanzu yake kwa mikono miwili, akawa anaivuta tu. Mwisho akasema, "Yakhe, na hayo magoti yako utaanguka vipi? Njoo Al Baraha Jumanne nikufundishe." Jumanne nikaenda. Bi Zuwena aliviringisha zulia, akatandika magodoro mawili, akakaanga sambusa, nami nikafa sebuleni kwao mpaka alasiri, Mzee akinikosoa na Bi Zuwena akisema mwacheni mtoto wa watu ale.

Msidhani nilikuwa malaika. Wiki ile nzima nilinuna. Kinyozi aliponiita Marshali nilimwambia anyoe tu. Niliwaza kwamba nimejipunja mwenyewe, na kwamba hakuna atakayekumbuka. Jumamosi nilipomwona Mzee ameivaa nyota yangu, tena ameibandika vibaya, imepinda, nilimnyooshea bila kumtazama usoni.

Miaka ya kufa iliyofuata ni mingi na haina mengi ya kusimulia, maana maiti haoni sana. Mzee Haroub alikuwa Marshali mpaka alipostaafu kwa hiari yake, na leo yuko na Bi Zuwena kwa binti yao aliyeolewa Sharjah. Ila ile Jumamosi ya kwanza lazima muijue, kwa sababu mmenisikia nikitaniwa kwayo na hamkuambiwa ilivyokuwa.

Niliingia, nikamwamkia, tukafyatuliana, nikaanguka. Goti, nyonga, bega. Maranda yakaniingia shingoni. Kofia ikanifunika uso barabara, ila kwa haraka ya mwanzo iliteleza kidogo upande wa meza za watoto. Nikalala. Mzee akavuta kiti, akakaa, akaanza ile hotuba ya uzeeni aliyoandikiwa na Madam, kwa Kiingereza chake kilichonyooka. Akasimulia mashtaka, dhahabu, vilabu. Nilikuwa naijua kwa moyo, nimemsikiliza akiikariri mara nyingi. Mstari wa mwisho ulisema: nilijulikana na nchi nzima, na sikuwa na rafiki.

Akafika hapo. Nikasikia kiti kinalia. Halafu, mbele ya Madam Darlene na ukumbi mzima, akaacha Kiingereza.

"Nilijulikana na nchi nzima," akasema Mzee Haroub, "na rafiki nilikuwa naye mmoja. Ndiye huyo hapo, kalala. Nimemwambia asitikisike."

Sikutikisika. Kazi ni kazi. Lakini kutoka meza ya karibu, sauti ya kitoto ikasema kwa nguvu, wote tukaisikia:

"Mama, maiti analia."